Usiulize Kifafa, Uliza Nani Ameungua

Mwezi uliopita alinitembelea kijana mmoja, mtafiti wa ubongo kama nilivyokuwa mimi, amevaa viatu vyeupe visivyofaa kabisa kwa tope la huku kwetu Rombo. Akaniamkia vizuri, akakaa, kisha akatoa simu. "Bibi," akasema, "unajua kwamba wewe ni maarufu? Makala yenu bado inarejelewa dunia nzima. Hata mwaka huu watu wanaitaja." Akanigeuzia kioo. Nikavaa miwani, nikasoma kichwa cha makala, nikamrudishia simu yake.

Ilikuwa ile isiyo sahihi.

Sikumwambia papo hapo, maana mtori wa ndizi ulikuwa bado jikoni na sipendi kumfundisha mtu mwenye njaa. Lakini tangu siku ile nimeamua kuwaandikia ninyi vijana mnaoamka asubuhi na kutazama mmetajwa mara ngapi kabla hamjanawa uso. Sina ugomvi na kutajwa. Mimi mwenyewe nilipenda sana kutajwa, na wanaosema hawapendi wanawadanganya. Ila nina neno kuhusu namba hizo, na silijui kwa ufupi.

Kazi yangu ilikuwa ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kifafa, katika hospitali moja mjini Moshi, miaka ile ya ujamaa. Tulikuwa na mashine moja ya kupima mawimbi ya ubongo, yenye kalamu zinazochora mistari kwenye karatasi ndefu. Mvua ikinyesha, inagoma. Umeme ukicheza, inachora ubongo wa mtu ambaye hayupo. Na ile dawa nzito ya kubandikia vibati kichwani mwa mgonjwa iliagizwa ng'ambo, kwa hiyo fedha za kigeni zilipoadimika nayo ikaadimika. Tukapika yetu. Unachukua unga wa muhogo, chumvi na maji, unakoroga mpaka iwe kama uji mzito, unaacha ipoe. Chumvi ikipungua kalamu hazichori kitu, ikizidi mgonjwa anajikuna hadi anang'oa nyaya. Mzee mmoja wa Kibosho alipotoka pale kichwa kimeganda alinitazama kwa huzuni, akasema, "Daktari, mimi nilikuja kupimwa, sikuja kupikwa."

Mkuu wangu wa idara alikuwa Dk. Anselmi, mtu mrefu, mpole, mwenye suruali iliyonyooka pasi hata majuma ambayo mji mzima hauna mkaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Rasimu yangu ya kwanza aliirudisha imejaa mistari myekundu, akaniambia, "Gaudensia, mwandikie msomaji kama unamwandikia mama yako aliyekwisha kukasirika. Sema lililotokea, sema ulijuaje, nyamaza." Mpaka leo sijapata fundisho bora kuliko hilo, na nimekaa madarasa mengi ya Wazungu.

Sasa nifike kwenye ile makala.

Nilikuwa bado mgeni kazini Dk. Anselmi alipoamua kuhesabu wagonjwa wa kifafa mlimani. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Wakati ule hukuweza kuingia kijijini na kuanza kuuliza watu maswali bila balozi wa nyumba kumi. Ilikuwa sheria, na ilikuwa adabu pia. Basi tukapanda Rombo, balozi mbele na koti lake, Dk. Anselmi nyuma yake, mimi nyuma kabisa na makaratasi. Kila kihamba, yaani kila boma na migomba yake, tunapokelewa vizuri, tunakaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, tunakaa kwenye vigoda uani, na Dk. Anselmi anauliza kwa upole, "Hapa kuna mtu mwenye kifafa?"

"Hapa? Hapana, daktari. Tunamshukuru Mungu."

"Na kwa jirani?"

"Kwa jirani hatujui mambo yao."

Nyumba baada ya nyumba, jibu ni hilohilo. Balozi anatikisa kichwa kuthibitisha, mimi naandika sifuri, tunaaga, tunakwenda kihamba kingine tukiwa tumeshiba mbege.

Wanangu, mimi nimezaliwa Mkuu, hukuhuku Rombo. Dk. Anselmi alikuwa wa Kibosho, mlima huohuo. Wote wawili tulijua kwamba kabla ya binti kuposwa wazee huchunguza ukoo wake, na kwamba kifafa kikisikika kwenye ukoo hata shangazi wa mbali anakosa mume. Na wanaochunguza huanzia wapi? Kwa balozi. Sisi tulimchukua mtu ambaye kila mshenga hupitia kwake, tukamsimamisha mlangoni, ndipo tukaomba tuambiwe siri. Mgeni angekosea kwa kutokujua desturi. Sisi tulikosea kwa kuifuata.

Makala, yenye jina lake mwanzo na langu la pili, ikasema kifafa ni nadra sana kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Jarida kubwa la Ulaya likaipokea haraka, bila hata kutuhangaisha. Nadhani iliwapendeza: mlima, theluji, migomba, hewa safi, na watu wasiougua. Baada ya hapo zikaanza kuja kadi. Zamani hakukuwa na kubonyeza. Mtu akitaka makala yako alikutumia kadi ya posta kuomba nakala. Zilikuja kutoka nchi ambazo sikujua zina watu wanaosoma habari zetu, na Dk. Anselmi akazibandika ukutani ofisini. Kila asubuhi alisimama mbele yake kidogo kabla ya kuvua koti. Baadaye makala za wengine zikaanza kufika zikimtaja. Mmoja alisema ni ndizi zinazotukinga. Mwingine alisema ni baridi. Mmoja aliitetea mbege kwa kurasa nyingi, na huyo tulimsoma kwa sauti wakati wa chai.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakuwa wasomaji wa majarida.

Ukweli niliukuta wodi ya upasuaji. Niliitwa kumtazama msichana aliyeungua mkono wa kulia, nione kama mishipa ya fahamu imebaki. Jina lake Felista, wa kule kwetu Rombo. Nilikuwa namchoma vidole taratibu kwa pini, namuuliza "unasikia?", mara macho yakapinda, mwili ukakakamaa, akaanza kutikisika kitandani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akavuta blanketi hadi puani, kwa sababu watu waliamini povu la kifafa linaambukiza. Ndiyo maana mtu akianguka motoni wenzake walisita kumvuta. Nilimlaza ubavu, nikakaa naye hadi fahamu zikarudi, nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Uliungua vipi?"

"Nilianguka jikoni, kwenye mafiga."

"Ni mara ya kwanza?"

"Kuungua ni mara ya kwanza," akasema. "Kuanguka siyo."

Nikaenda kitanda hadi kitanda. Wengine walikuwa wameunguzwa na uji, wengine na taa ya mafuta, sawa. Lakini akina Felista walikuwepo, zaidi ya mmoja, na wote walitoka vijiji ambako nilikuwa nimeandika sifuri kwa mkono wangu. Nikarudi ofisini, nikasimama mbele ya zile kadi ukutani.

Nikapanda tena mlimani. Safari hii nilianza kwa balozi, nikamwamkia, nikanywa mbege yake, nikamwomba abaki nyumbani, kwamba mimi mtoto wa hapahapa nataka tu kusalimia akina mama. Sikukaa uani. Niliingia jikoni, nikakaa chini karibu na moto, nikamenya ndizi pamoja nao, na neno kifafa sikulitamka. Niliuliza, "Nani hapa ameungua?"

Kuungua si aibu. Kuungua ni ajali, hata mchumba hakatazwi kusikia. Mama anaita, "Njoo umwonyeshe daktari mguu wako," na mtu anatoka chumba cha ndani ambako mara ya kwanza tulipofika alikuwa amefichwa. Hapo unaangalia. Mtu mwenye fahamu akiguswa na moto huruka, jeraha lake huwa dogo. Aliyepoteza fahamu hulala pale pale, huungua upande mzima. Ukishaona kovu la namna hiyo, ndipo unauliza taratibu, "Ulikuwa unajijua wakati ule?" Mengine yote huja yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kifo kulikuwa na kovu, na kovu halikujua kuficha.

Walikuwa wengi. Sitawapa namba, kwa sababu namba ndiyo iliyotupoteza mara ya kwanza.

Nilimpelekea Dk. Anselmi rasimu ya makala mpya. Aliisoma yote mbele yangu, hakuchora hata mstari mmoja mwekundu. Nikamwambia naomba jina lake liwe la kwanza, kama desturi. Akakataa. "Andika peke yako," akasema, akachukua koti akatoka. Nikakaa pale nikiwa na hasira. Nilidhani anailinda ile makala yake, ile iliyompatia ukuta uliojaa kadi. Kwa miaka kadhaa tulifanya kazi chumba kimoja, tunasalimiana, tunapika uji wetu wa vibati, na jambo hilo hatulitaji.

Jarida kubwa la Ulaya lilinikatalia. Sababu waliyotoa ni kwamba matokeo yangu yanapingana na makala inayojulikana sana kuhusu Kilimanjaro. Yaani yetu wenyewe. Nikaipeleka tena, wakakataa tena. Nikaipeleka kwingine, wakakaa nayo hadi nikasahau nimeandika nini. Mwishowe ikatoka kwenye jarida dogo la hapa Afrika Mashariki, karatasi nyembamba hadi unaona maandishi ya upande wa pili. Kadi zilizokuja hazikutosha kufunika hata pembe ya meza. Nikasema basi, potelea mbali, kazi ipo.

Na kazi ilikuwepo. Hospitali ilitukubalia kupeleka fenobabitoni, dawa ya kifafa, kwenye zahanati ya kule juu, na kila Alhamisi nilipanda na gari la chanjo. Dawa ni ya bei ndogo, kidonge kidogo cheupe, lakini ina sharti moja ambalo niliwaimbia wagonjwa mpaka wakanicheka: usiikatishe ghafla. Ukiikatisha ghafla, ugonjwa unarudi na hasira ya siku zote ulizoufungia nje. Felista alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana, lakini hakuanguka tena. Akaolewa, na mumewe alijua yote, maana Felista alimwambia mwenyewe. Akashika mimba, akajifungua mtoto wa kike.

Mnajua desturi yetu. Mama aliyejifungua anakaa ndani miezi, anapewa mtori na maziwa, hafanyi kazi, na kwa sababu ya baridi ya huku juu kitanda chake kinakuwa karibu na moto. Nilimkuta hapo, mtoto kifuani, mafiga hatua chache kutoka miguuni pake, na wakati huo tayari nilikuwa nimepata habari mbaya kutoka mjini. Nilimwambia, maana mgonjwa ana haki ya kujua. Kamati iliyogawa pesa za utafiti na dawa ilikuwa inakuja kuamua kama mradi wetu uendelee.

Felista alimtazama mtoto. "Mimi kuanguka nimezoea, daktari," akasema. "Naogopa kumwangukia huyu."

Niliteremka mlima siku hiyo nikiwa nimeshaamua kwamba mradi haufungwi. Kwa njia ipi, sikujua.

Hoja ya kamati ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyonitia wazimu. Dawa inaagizwa kwa fedha za kigeni, na nchi haina. Dunia nzima inarejelea makala inayosema kifafa mlimani hakuna. Kuna makala nyingine inayosema kipo, lakini nani ameitaja? Kama wataalamu duniani hawakuishughulikia, kwa nini sisi tuishughulikie? Wakataka niwaonyeshe nani amenirejelea.

Kulikuwa na vitabu vikubwa vya ng'ambo, vizito kama tofali, vyenye herufi ndogo kama chawa, vinavyoonyesha nani amemtaja nani katika sayansi. Moshi hatukuwa navyo. Vilikuwepo maktaba moja ya Nairobi. Na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa.

Nina binamu anaitwa Valerian, mfanyabiashara wa Tarakea, mtu ambaye mpaka ukifungwa ndipo anapopata njia. Nikampa maelezo. Alikwenda, akarudi na kurasa za fotokopi, na alipokuwa anavuka kwenye mashamba ya mahindi mgambo wakamkamata. Habari zikanifikia: Valerian yuko kituo cha mgambo Tarakea, na kamanda anamtaka mwenye makaratasi.

Nikapanda gari hadi Himo, nikapata jingine hadi Tarakea. Kamanda alikuwa mtu mzima, ana mvi, ameketi nyuma ya meza na kurasa zangu ameziweka chini ya jiwe ili zisipeperuke. Valerian yuko pembeni kwenye benchi, hanitazami.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?" Akagonga kurasa kwa kidole. "Hapa kuna jina lako. Chini yake kuna majina ya Wazungu na Wahindi, yamekatwa nusunusu. Halafu namba. Nieleze hizi namba ni za nini, maana vijana wangu wanasema ni siri za jeshi."

Nilijaribu kueleza jarida, toleo, ukurasa. Nikaona uso wake unazidi kukunjika. Basi nikaacha. Nikakumbuka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, nikamuuliza, "Mzee, kwenu mnatumia mfongo wa ukoo gani?"

Akashangaa, lakini akataja ukoo.

"Ukiwa unafungulia maji shambani kwako, watu wakikuuliza maji haya yametoka wapi, unasema nini?"

"Nasema waliochimba ni hao. Na siku ya kuusafisha mfongo mbege ya kwanza ni yao. Ni lazima."

"Basi hawa ni watu waliochota maji kwangu, mzee. Wanasema nani alichimba. Namba ni mahali pa shamba lao."

Akaziangalia upya. "Ni wachache," akasema.

"Ni wachache," nikakubali, na iliniuma.

"Ulichimba nini?"

Nikamwambia. Kwamba sikuuliza ugonjwa, niliuliza nani ameungua. Akawatuma vijana wake nje wakaangalie kitu ambacho hakukitaja, akasubiri mlango ufungwe.

"Nyumbani kwangu," akasema, "yuko dada yangu. Miguu yote miwili."

Nikamwambia zahanati ni Alhamisi. Akanikabidhi kurasa zangu zote, akazinyoosha kabisa kwa mkono kwanza. Valerian naye akaruhusiwa kwenda. Tulipofika mlangoni kamanda akasema, "Karatasi ni zako, daktari. Ile sabuni iliyokuwa chini ya karatasi inabaki kwa serikali." Ndipo nikajua kwa nini binamu yangu hakuwa akinitazama.

Siku ya kamati nilivaa gauni langu zuri, na niliogopa. Walikuwa wageni kutoka Dar, wamekaa upande mmoja wa meza, na Dk. Anselmi amekaa upande wao, kwa kuwa alikuwa mjumbe. Hakuwa ameniambia neno. Mwenyekiti alipokea kurasa zangu, akaziweka kando ya nyingine alizokuja nazo, zinazohusu makala ya kwanza. Hakuhitaji kuhesabu. Upande mmoja kulikuwa na rundo, upande mwingine kurasa mbili tatu.

"Dada Daktari," akasema, na hakusema kwa ubaya, "unaona mwenyewe. Dunia imeamua. Sisi ni nani?"

Nilizungumza. Niliwaeleza makovu, niliwaeleza Felista na mtoto wake na mafiga. Mwenyekiti akasema hizo ni habari za kusikitisha lakini ni za mtu mmoja mmoja. Nikaona mjumbe mmoja ameshafunga kalamu yake. Nilimfikiria Felista anameza kidonge cha mwisho na mtoto kifuani, na nikaanza tena kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa kuliko inavyopendeza.

Dk. Anselmi akainua mkono.

"Mwenyekiti, rundo hilo ni langu," akasema. "Anayetajwa humo ni mimi. Naomba nilizungumzie mimi." Akasimama, na suruali yake ilikuwa imenyooka kama kawaida. "Hao wote walionitaja, hakuna hata mmoja aliyefika Rombo. Mimi nilifika. Nilifika na balozi mbele, nikanywa mbege ya watu, na watu wakanidanganya kwa heshima zote, kama ambavyo mimi ningemdanganya mgeni aliyekuja na balozi kwa mama yangu. Makala yangu si sahihi. Ya Gaudensia ni sahihi. Nilikataa kuweka jina langu ili mtu asije akasema imepata nguvu kwa sababu ya mkuu wake. Nilidhani ukweli utatembea peke yake. Haukutembea. Kwa hiyo iandikwe kwenye muhtasari kwamba mimi, mwenye makala hiyo, naikana."

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa analolifanya, maana hiyo ndiyo kazi iliyompa jina.

"Jina nitabaki nalo," akasema. "Nilipewa ubatizoni."

Yule mjumbe akafungua tena kalamu yake. Dawa ziliendelea. Alhamisi iliyofuata nilipanda na gari la chanjo, nikamkuta Felista bado yuko ndani kwa uzazi, nikampa vidonge vyake mkononi, na dada yake kamanda alikuwa kwenye foleni, ameletwa na punda.

Kwenye ujia, baada ya kikao, nilijaribu kumshukuru Dk. Anselmi nikashindwa, nikalia. Akanipa kitambaa. "Usinishukuru," akasema. "Ungeniambia siku ile ile kwamba tusiende na balozi." Kisha akarudi ofisini akabandua zile kadi ukutani moja moja, kwa uangalifu, bila kuchana pembe. Nilidhani anazitupa. Akazipanga mezani, akachukua kalamu, akaniambia kazi iliyobaki. Mfongo ukiingia uchafu juu, unapanda unauziba, walioko chini wanapona wote. Makala haizibiki. Ikishatoka imetoka, na kila anayekunywa inabidi umfuate mwenyewe. Akaanza kumwandikia mtu wa kwanza: ndugu, ulinitaja mahali fulani, tafadhali usinitaje tena pale, msome huyu.

Wachache walijibu. Mmoja wao, wa nchi ya mbali yenye milima kama yetu, alisema serikali yake ilikuwa karibu kukataa dawa kwa watu wa mlimani, na hoja ilikuwa ni sisi. Barua hiyo Dk. Anselmi aliisoma mara nyingi. Aliendelea kuandika hadi alipostaafu, na alipougua alinikabidhi kazi hiyo, na nimeifanya kwa kadiri mkono ulivyoniruhusu. Nilidhani imekwisha. Nilidhani makala ile imekufa na mwenyewe.

Kumbe haijafa. Ndiyo hiyo niliyoonyeshwa kwenye simu, inang'aa, inatajwa na watu ambao walikuwa hawajazaliwa. Na kila anayeitaja anamwambia mtu mahali fulani kwamba kwenye milima hakuna wagonjwa, na mahali fulani kuna mama amekaa karibu na mafiga.

Basi kijana wangu alipomaliza mtori, na nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, alifungua kwenye simu orodha ya wanaoitaja makala ile, viatu vyake vyeupe vimeshakuwa vya rangi ya kwetu. Akasema, "Pole, bibi. Sasa tufanyeje? Ni wengi mno."

Nikavuta kiti karibu naye, nikavaa miwani, nikachukua karatasi na kalamu.

"Nisomee majina," nikamwambia. "Anza na wa juu."